Mafundi wa Kuanguka

Ufundi wa kwanza wa mwanamieleka ni kuanguka. Kabla hajafundishwa kumwinua mwenzake, kabla hajapewa jina la ulingoni, vazi wala muziki wa kuingilia, mwanafunzi wa mieleka ya kulipwa hufundishwa kwenda chini. Kidevu akibane kifuani ili kisogo kisiguse mbao. Pumzi aitoe kabla mgongo haujafika. Mikono aifungue, viganja vipige turubai kwa mpigo mmoja, na uzito wote usambae mgongoni badala ya kukutana kiunoni, shingoni au kwenye kiwiko. Atarudia hivyo asubuhi nzima, na kesho yake tena, mpaka mwili uache silika uliyozaliwa nayo. Maana binadamu akianguka hutanguliza mkono, na mkono uliotangulia ndio unaovunjika.

Wengi hudhani chini pale pana godoro. Hapana. Pana turubai, chini ya turubai tabaka jembamba la sponji, chini ya sponji mbao, na chini ya mbao vyuma vinavyobonyea kidogo tu. Ule mshindo unaotikisa ukumbi ni mbao zinazolia. Anayezipiga kwa mgongo wake usiku kwa usiku, mji kwa mji, miaka ishirini, anajua jambo ambalo mtazamaji halioni: hata kuanguka kuzuri kunauma. Ufundi hauondoi maumivu. Unayagawa tu, ili yasimuue mtu siku hiyo.

Naandika insha hii Katubuka, hapa Kigoma, kwa sababu mafundi wa kazi hiyo wanatutoka kwa kufuatana. Hossein Khosrow Ali Vaziri, aliyejulikana kama The Iron Sheik, alifariki tarehe 7 Juni 2023. Terry Funk akafuata tarehe 23 Agosti mwaka huohuo, na kesho yake tu akafa Windham Rotunda, Bray Wyatt wa ulingoni, akiwa na miaka 36. Mwaka 2024 walikwenda ndugu wawili wa Samoa, Sika Anoa'i mwezi Juni na kaka yake Afa mwezi Agosti. Desemba akafuata Rey Misterio mkubwa, mwalimu wa Tijuana. Sabu alifariki Mei 2025. Tarehe 24 Julai 2025 ikawa zamu ya Terry Bollea, ambaye dunia nzima ilimwita Hulk Hogan.

Walikuwa watu wa mbali, lakini misiba yao imetufika. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na hata baada ya hapo luninga ilikuwa ya wachache. Kwa watoto wengi wa Katubuka, Gungu, Mwanga na Ujiji, mieleka ilikuwa kitu cha kibanda umiza: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, deki moja, na nje jenereta inayonguruma kuliko muziki wa ndani. Aliyekosa kiingilio alitafuta tundu la msumari kwenye bati. Humo ndani tulijifunza majina ya watu hawa kabla hatujajua majina ya mawaziri. Tulibishana kama mwanamieleka Undertaker ana roho saba au zaidi. Na tulikuwa na sheria moja isiyopingwa na yeyote, ile ya filamu zote za enzi hizo: steringi hafi. Atapigwa, atatambaa, damu itamtoka, lakini mwisho atainuka.

Tulipokua tukaambiwa kwamba yote yale yalikuwa uongo. Waliotuambia walikuwa na ushahidi. Mwaka 1989 kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, wakati huo ikiitwa WWF, iliwaeleza watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba biashara yake ni burudani wala si mashindano, ili iondokane na usimamizi wa kamisheni za michezo. Mshindi hupangwa. Mkanda huvaliwa na yule ambaye wenye kampuni wameamua auvae. Watu wengi walipolijua hilo waliona aibu kwa mapenzi yao ya utotoni, wakaitupa mieleka pamoja na vitu vingine vya kitoto.

Mimi naona walitupa kitu kisicho chao. Kinachopangwa ni mshindi. Kuanguka hakupangiki, kwa sababu mbao hazijui nani ameandikiwa kushinda. Tarehe 13 Juni 2009, mjini Hiroshima, Mitsuharu Misawa, mmoja wa mabingwa wakubwa kuwahi kutokea Japani, alirushwa kwa nyuma kama alivyorushwa tangu ujanani. Hakuinuka. Alikuwa na miaka 46, na katika kizazi chake walikuwa wachache walioijua sanaa ya kuanguka kumshinda yeye. Mtu haitwi mwongo kwa kazi inayoweza kumuua mbele ya watu akiifanya sawasawa.

Ukiacha kutazama nani ameshinda, ukaanza kutazama mikono, utauona ufundi wenyewe. Mtu anapoinuliwa juu ya mabega, tazama miguu yake: ameruka kumsaidia anayemwinua. Anapobwagwa, tazama mkono wa aliyembwaga: umeshika paja au mgongo mpaka dakika ya mwisho, ukimwelekeza atue bapa. Ngumi inafika shavuni ikiwa imelegea, na sauti unayoisikia ni ya mguu uliokanyaga mbao. Wakikumbatiana kwenye kona, mmoja akiwa kama anamnyonga mwenzake, midomo iliyofichwa na nywele inazungumza: wanaambiana kifuatacho. Refa naye anapita katikati akipeleka habari. Na baada ya kuanguka kubaya, mmoja huminya kiganja cha mwenzake. Akiminywa naye, ajue mwenzake yuko salama na kazi iendelee.

Hapa ziwani tunaijua kazi ya namna hiyo. Wavuvi wa dagaa huunganisha mitumbwi miwili, wavu ukakaa katikati chini ya mwanga wa taa. Upande mmoja ukivuta kabla ya wenzao, wavu unapinda na usiku wote umekwenda bure. Lakini mvuvi akikosea hupoteza samaki. Mwanamieleka akikosea, mwenzake hatembei tena.

Ndiyo maana nasema msingi wa ufundi huu ni amana. Mtu anakukabidhi shingo yake. Anajirusha kwenye mikono yako kichwa kikielekea chini, mbele ya maelfu wanaokuomba umvunje, na wewe kazi yako ni kuwaridhisha wale maelfu na kumrudisha yule mtu kwa watoto wake.

Chukua ile picha ambayo hata asiyependa mieleka ameiona. Tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac, Michigan, Hulk Hogan alimwinua André the Giant akambwaga chini. André alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Mtu wa uzito huo asipotaka kuinuliwa, hainuliki. Tena alikuwa mgonjwa: homoni zilizomkuza hivyo zilikuwa zinamla, na mgongo wake ulikuwa umekwisha pasuliwa. Alijua maumivu yatakayompata akitua. Akakubali, kwa sababu wakati wa kumkabidhi kijana kiti ulikuwa umefika, na njia pekee ya kukikabidhi ilikuwa mgongo wake mwenyewe. Alifariki Januari 1993. Hogan alisifiwa miaka 38 kwa nguvu za siku ile, lakini aliyestahili sifa alikuwa yule wa pili: aliyekwenda chini.

Hogan mwenyewe alikuwa na kipaji kikubwa, nacho kilikuwa cha kuisoma hadhira. Alijua lini akae chini na lini atikise kichwa, lini anyooshe kidole na lini aweke mkono sikioni ili watu wapige kelele zaidi. Watu wa vibandani wasiojua neno la Kiingereza walimwelewa. Lakini haki inataka isemwe pia kwamba mwaka 2015 yalitoka maneno yake ya kuwadharau watu weusi, yaliyorekodiwa, na kampuni yake ikamtenga kwa miaka mitatu. Wengi wetu tuliokaa kwenye mabenchi yale tukimshangilia tulikuwa weusi. Nimemlilia fundi, maneno yale sijayasahau, na sidhani mapenzi ya kweli yanataka niyasahau.

Steringi hapatikani bila adui, na katika mieleka adui ndiye fundi mkuu. Yeye ndiye anayeongoza mwendo wa pambano, ndiye anayewafanya watu waamini kwamba mema yanaweza kushindwa. The Iron Sheik alikuwa adui wa aina hiyo. Alizaliwa Iran, akawa mwanamieleka wa kweli wa mashindano, akahamia Marekani, akatwaa ubingwa wa ridhaa wa nchi hiyo mwaka 1971, kisha akawa miongoni mwa makocha wasaidizi wa timu yake ya taifa. Baada ya mateka wa Kimarekani kushikiliwa Tehran kuanzia 1979, alipandisha bendera ya Iran ulingoni na kujitwisha chuki ya nchi nzima. Tarehe 23 Januari 1984, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alilala chini akahesabiwa tatu, na Hulk Hogan akazaliwa upya kama bingwa wa dunia. Vaziri alisimulia baadaye kwamba promota mmoja alimwahidi fedha nyingi amvunje Hogan mguu usiku ule na kuondoka na mkanda. Uwezo wa kumvunja alikuwa nao. Kati ya wawili wale, yeye ndiye aliyejua kupigana. Hakumvunja. Aliyeonekana na ulimwengu kama mtu katili kuliko wote ndiye aliyeitunza amana.

Lakini kwetu sisi wa ukanda wa maziwa, yupo marehemu mmoja ambaye hatuwezi kumpita kimya. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020 huko Mississippi, kwa UVIKO-19, akiwa na miaka 70. Jina lake lilikuwa James Harris. Ulingoni aliitwa Kamala, Jitu la Uganda.

Harris alizaliwa Mississippi mwaka 1950, katika familia maskini ya watu waliolima mashamba ya wengine. Baba yake aliuawa yeye akiwa bado mtoto mdogo. Alihamia kaskazini, Michigan, akakutana na watu wa mieleka, na mwaka 1978 akaanza kazi. Mwaka 1982, mjini Memphis, Jerry Lawler na Jerry Jarrett wakamtengenezea sura mpya: uso wa rangi, nyota na miezi iliyochorwa kifuani na tumboni, ngozi ya chui kiunoni, mkuki, miguu peku. Watangazaji waliwaambia watazamaji kwamba mtu huyu ametoka Uganda na kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Hakuruhusiwa kusema neno. Alitembea nyuma ya mtu aliyemwongoza kama mnyama. Na kila alipotaka kumbana mpinzani ahesabiwe, alimlaza kifudifudi, kwa sababu igizo lilidai kwamba Mwafrika huyu hajui hata kumgeuza mtu ili mabega yake yaguse turubai. Ukumbi ulicheka.

Nasema wazi: igizo lile lilikuwa tusi, na lilitutukana sisi. Wakati Amin alipogeuzwa burudani Memphis, ilikuwa miaka mitatu tu tangu vijana wa kila mkoa wa Tanzania warudi kutoka vita vya Kagera, wengine wakiwa wamebaki huko. Ukanda wetu ulikuwa unazika. Kule ng'ambo kifo kilekile kilikuwa kinauzwa kwa tiketi, kikiwa kimepakwa rangi.

Na kumgeuza Amin burudani kulikuwa kumekaribia kutokea hapahapa kwenye ukanda wetu. Mwanzoni mwa mwaka 1979 ilitangazwa kwamba Antonio Inoki wa Japani atapambana na Idi Amin mwenyewe mjini Kampala mwezi Juni, na Muhammad Ali awe refa. Inoki alikuwa mtu mwenye uthubutu wa ajabu. Mwaka 1976 alipambana na Ali mjini Tokyo kwa raundi 15, akilala chali na kumpiga miguu mpaka ikavimba, na mwisho wakatoka sare. Baadaye aliingia bungeni, na mwaka 1990 akasafiri hadi Iraq kuwaombea mateka wa Kijapani, akarudi nao. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2022. Pambano la Kampala halikufanyika. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala, na Amin akawa amekwisha kimbia. Nafurahi kwamba halikufanyika. Mtu asiyejua kutunza mwili wa mwenzake hana haki ya kupanda ulingoni, na Amin hakutunza mwili wa mtu yeyote.

Turudi kwa Harris, kwa sababu tusi lile hakulitunga yeye, na ndani ya vazi lile alifanya kazi ambayo wachache wangeiweza. Fikiri: amenyimwa sauti. Wenzake wote walishika kipaza sauti wakajieleza, wakatisha, wakaomba. Yeye alibaki na kilo zake zaidi ya 160, tumbo alilolipiga kwa viganja, na macho. Kwa hivyo tu alilazimika kuwaeleza watu maelfu kwamba sasa ana hasira, sasa amechanganyikiwa, sasa anaogopa. Na alieleza. Tarehe 29 Agosti 1992, katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu takriban 80,000, alipambana na Undertaker. Miezi mitatu baadaye wakakutana tena katika pambano la jeneza. Ukiziangalia kanda zile leo, mtazame Kamala anapoliona jeneza: anavyosita, anavyorudi nyuma nusu hatua, macho yanavyopanuka. Undertaker hakuwa na haja ya kufanya lolote. Hofu ile tuliyotoka nayo vibandani, ya kutotaka kupita makaburini jioni, iliumbwa na yule aliyekuwa akiogopa mbele yake. Tuliamini roho saba za Undertaker kwa sababu James Harris alituonyesha namna ya kuziamini.

Mwenyewe alisimulia kwamba kwa usiku wa Wembley alilipwa dola 13,000, huku akisikia kwamba mpinzani wake alipata nusu milioni. Alipoacha mieleka aliendesha malori. Kisukari kikamla, mwaka 2011 akakatwa mguu wa kushoto, mwaka 2012 wa kulia. Akiwa hivyo, alitengeneza viti vya mbao kwa mikono yake akaviuza ili aishi. Mikono iliyowatua watu salama kwa miaka mingi ilirudi kwenye kazi ya mbao, na viti vile havikuwa na uongo wowote kuhusu Uganda.

Vivyo hivyo walivalishwa wengine. Yokozuna, mwenye asili ya Samoa, alifanywa Mjapani; Sabu, mpwa wa mwanamieleka mwingine, The Sheik wa Michigan, na mwenye asili ya Lebanoni, alitangazwa kuwa ametoka Bombay. Biashara ya mieleka iliwachukua watoto wa maskini na wa wahamiaji ikawavisha nchi ambazo hawakuwa wazawa wake. Tukiwakumbuka, sharti tuwarudishie majina yao ya kuzaliwa. Ni jambo dogo, lakini msiba usio na jina la mtu si msiba.

Siku hizi Uganda, nchi iliyotajwa kwa uongo, imejibu kwa kazi. Mukono, mashariki ya Kampala, vijana wa kundi la Soft Ground Wrestling, lililoanzishwa na Daniel Bumba, wanacheza mieleka juu ya tope, katika ulingo wa kujitengenezea. Wamo wasichana na wavulana. Video zao zimetazamwa duniani kote. Waliokosa mbao na sponji waligundua kwamba ardhi laini yaweza kufundisha kuanguka. Ng'ambo ya ziwa letu, Kongo, ufundi huu ni wa miaka mingi zaidi. Kinshasa, mabingwa hupita mitaani na bendi wakiwa wamevaa vinyago, na jioni hupigana uwanjani mbele ya umati, wengine wakichanganya misuli na uganga, na jina la mwanamieleka Edingwe linajulikana kuliko la wanasiasa wengi. Wakongo waliovuka kuja Kigoma walikuja na habari hizo. Ndiyo sababu huku kwetu mieleka haikuwa kamwe kitu cha Wazungu peke yao: upande mmoja ilitujia kwa kanda, upande mwingine kwa mitumbwi.

Kutaja ufundi bila kutaja bei yake ni kusifu nusu. Kampuni kubwa ya Marekani imekuwa ikiwahesabu wanamieleka wake kuwa ni makandarasi wa kujitegemea na siyo waajiriwa. Mgongo unaumia kazini, lakini bima ya afya ni shauri la mwenye mgongo. Katika miaka ya 1980 na 1990 madawa ya kukuza misuli na ya kutuliza maumivu yalikuwa sehemu ya maisha ya wengi. Hesabu umri: Yokozuna alikufa mwaka 2000 akiwa na miaka 34. Eddie Guerrero, 2005, miaka 38. Umaga, 2009, miaka 36. Bray Wyatt, ambaye aliweza kuzima taa za ukumbi na kuwafanya maelfu wawashe simu zao kama vimulimuli, aliondoka na miaka 36 kwa maradhi ya moyo. Sabu alijirusha kwenye meza, viti na seng'enge kwa miongo mitatu na zaidi. Pambano lake la mwisho lilikuwa Aprili 2025, na mwezi uliofuata akafariki akiwa na miaka 60. Watu hawa walilinda miili ya wenzao kuliko walivyolinda ya kwao, na waliowalipa hawakulinda mwili wa yeyote.

Hata hivyo kazi iliendelea kupita mkono kwa mkono, na hilo ndilo linalonipa moyo. Afa na Sika, waliotangazwa ulingoni kama watu wa mwituni, nyuma ya pazia walikuwa walimu. Afa alifungua shule ya mieleka Pennsylvania, na ukoo wao umejaa majina: Yokozuna, Rikishi, Umaga, na Roman Reigns, mtoto wa Sika, ambaye vijana wa Katubuka wanamjua hata kwa jinsi anavyotembea. Rey Misterio wa Tijuana alimfundisha mpwa wake kugeuza udogo wa mwili kuwa silaha, akampa na jina. Yule mdogo tuliyempenda kwa kinyago chake na kuruka kwake alikuwa amekabidhiwa kila hatua na mjomba. Elimu hii haiko vitabuni. Anayeijua hukushika begani, hukuangusha, hukuinua, na kukuangusha tena.

Kwa hiyo nina neno kwa wadogo zangu wanaojaribu mambo haya kwenye mchanga wa Kibirizi na kwenye viwanja vya mtaani kwetu. Mmeyaona kwenye simu, nanyi mna nguvu kuliko tulizokuwa nazo. Msianze na kurusha. Mtoto aliyejifunza kumbwaga mwenzake kabla ya kujifunza kuanguka hajajifunza mieleka. Amejifunza kuumiza, na hilo halihitaji mwalimu. Tafuteni wa kuwaongoza, laineni ardhi, anzeni chini kabisa, kidevu kifuani. Na siku mkikabidhiwa uzito wa mtu, mjue mmepewa kitu chenye mama yake.

Wapenzi wa mieleka hupenda kubishana nani alikuwa bingwa kuliko wote, na hubishana kwa kuhesabu mikanda. Mikanda iligawiwa na wenye kampuni, kwa sababu zao za biashara, na kipimo chake ni cha biashara. Kipimo cha fundi ni waliopambana naye. Je, walirudi nyumbani kwa miguu yao? Je, walionekana mashujaa zaidi baada ya kukutana naye? Kwa kipimo hicho Vaziri aliyekataa fedha za kuvunja mguu ni bingwa, André aliyekubali kubwagwa mgongo ukiuma ni bingwa, na James Harris wa Mississippi, aliyebeba jina la majirani zetu bila kuombwa na sisi, ambaye hakuwahi kupewa mkanda wa dunia wa kampuni ile, ni bingwa pamoja nao. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.